Kilo Sita na Kikombe cha Kuonjea

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliacha shule darasa la tatu nikaanza kubeba. Baba alikuwa amekwenda migodi ya kusini. Kwanza zilikoma fedha, halafu zikakoma barua. Mama akanisokotea ngata ya majani ya mgomba, akanitwika tenga la dagaa, akanionyesha njia ya kutoka Lituhi, ziwani, kupanda Litumbandyosi. Kwenda nilikuwa na dagaa, kurudi nilikuwa na mahindi, na kwa miguu ya mtoto njia ile ilikuwa ya siku mbili. Kilo nilizijua kwa shingo kabla ya kuzijua kwa mizani. Hadi leo ukinitwika kitu kichwani nitakutajia uzito wake, na nikikosea nimekosea nusu kilo.

Naanza na hilo ili wewe unayeandika ujue anayezungumza ni nani. Mimi ni mtu wa kubeba. Kubebwa sikukujua.

Dagaa walinipeleka kwenye mahindi, mahindi yakanipeleka Mbinga mjini, na Mbinga nikanunua mashine ya kusaga. Ya kwanza ilikuwa ya dizeli, kuukuu, inakohoa kuliko inavyosaga. Baadaye nikaweka ya umeme, nikaanza na kununua maharage na mahindi kwa wakulima wa milimani. Nilipoanza kupata nikaanza kula, na nilikula kwa makusudi. Sitasema nilinenepa bila kujua. Nilijua. Mtoto aliyelala njaa Litumbandyosi kwenye baraza la mtu asiyemfahamu, akiwa mtu mzima anataka mwili wake wenyewe utoe ushahidi. Kila kilo niliyoongeza niliihesabu kama gunia lililoingia stoo. Watu walinitania kwamba mimi ni lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, nami nilicheka nao. Nilifika kilo mia moja arobaini na moja. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba.

Kilichonivunja ni msiba. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda kuzika Mbuji. Nyumba ya msiba ilikuwa chini ya barabara, na anayejua Mbuji anajua chini ya barabara maana yake nini: mteremko mkali, mashamba ya ngoro yenye mashimo yake pande zote, na njia nyembamba katikati. Niliteremka hatua kumi. Magoti yakakataa. Sikuweza kwenda chini wala kurudi juu, na watu wa msiba wakaacha kulia wakaanza kunitazama mimi.

Wakaja wanaume wawili na kiti. Niliwatambua walipokaribia. Walikuwa wakwe zangu, waume wa binti zangu. Mkwe! Kwetu mkwe wa kiume hata kikombe hanipi mkono kwa mkono, anakiweka mezani nami nakichukua. Siku ile wakwe wawili walinishika mapaja wakanipandisha kwenye kiti, wakanishusha mlima mbele ya kijiji kizima. Mmoja alikuwa anahema. Mwingine aligeuza uso pembeni muda wote ili asinione, na hiyo heshima yake ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Niliporudi Mbinga nilimwambia binti yangu mkubwa, mwalimu, anayeishi nami: "Tafuta huo upasuaji wa tumbo uliousoma kwenye simu."

Akasema, "Mama, ulisema ni wazimu wa watu wa Dar."

"Tafuta."

Sitasimulia Dar es Salaam. Nilikwenda, nikapimwa damu mpaka nikadhani watanimaliza kwa kupima, nikalazwa, nikakatwa. Walitoboa vitobo vitano tu, wakapunguza mfuko wa chakula ukabaki mwembamba kama ndizi. Wale madaktari walifanya kazi yao vizuri, nasema wazi. Tulirudi nyumbani tukiwa na karatasi za masharti ya chakula, na mimi nikaweka sharti langu moja: asijue mtu. Nilitaka watu waone nimepungua kwa nguvu zangu, kama nilivyopata kila kitu kwa nguvu zangu. Nimejenga jina kwa kutodanganya debe, halafu nikadanganya mwili. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kilo zilishuka kwa fujo. Mwaka haujaisha nilikuwa na tisini na sita. Nguo zote zilinitoka. Na watu wa Mbinga wakafanya hesabu zao. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Wengine walisema nimefilisika. Mdogo wangu wa Lituhi, aliponiona nashuka kwenye gari, aliangusha kapu la mbasa akaanza kulia kwa sauti pwani pale pale.

"Dada, umekwisha!"

"Sijaisha. Okota samaki wako."

Hakunisadiki. Nilipoondoka alinifungia dawa za mizizi kwenye gazeti.

Basi hapo kwenye tisini na sita mwili ukagoma. Mwezi wa kwanza tisini na sita. Wa pili tisini na sita. Miezi mitano, mshale wa mizani umesimama pale pale kama umepigwa msumari. Ingekuwa ni uzuri tu ningeacha. Lakini goti la kulia lilikuwa limeisha. Mfupa ulisaga mfupa, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka katikati. Daktari wa mifupa, kwenye hospitali ya Songea niliyopangiwa kliniki, alisema goti litabadilishwa nikiwa chini ya kilo tisini, si vinginevyo. Akanipa nafasi mwishoni mwa mwezi wa nane. Nikikosa, jina langu linarudi mwisho wa orodha, na mbele yangu kuna watu wengi. Tena akasema goti halitangoja. Likiendelea hivyo nitaingia kwenye kiti cha magurudumu.

Kiti. Aliposema kiti nilisikia mikono ya wakwe zangu mapajani.

Nilijipima kila Jumamosi asubuhi kwenye mizani yangu ya magunia kabla wateja hawajaja. Jumamosi moja nilikasirika nikawaita watu wa vipimo waikague. Walikuja, wakaweka mawe yao, wakasema mizani iko sawa kabisa, mama, hata gramu haijapotea. Baada ya hapo nikaanza kumshuku binti yangu, kwamba anamwaga mafuta kwenye mboga.

"Mama, mboga nachemsha. Njoo uone sufuria."

Nilikwenda nikaiona. Sufuria ilikuwa na chumvi na nyanya tu. Nikamshuku hata yule aliyenikata, kwamba labda aliacha mfuko mkubwa. Nilishuku kila mtu isipokuwa mmoja.

Pale kliniki kulikuwa na dada wa lishe. Mtu mdogo kwa umri, ana sauti ya chini, halegezi macho. Alikuwa amenipa daftari niandike kila kinachopita mdomoni. Niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kubwa, mistari yangu michache. Asubuhi: sijala. Mchana: ugali matonge matatu, dagaa. Jioni: sijala, au kipande cha samaki, magege. Nilijivunia lile daftari. Mtu wa darasa la tatu kuandika kila siku miezi mitatu si mchezo.

Mwezi wa sita alilifungua, akasoma kurasa zote, akalifunga.

"Mama, anayekula hivi hawezi kubaki tisini na sita."

"Mimi nimebaki."

"Basi kuna kitu hakijaandikwa."

"Unasema mimi mwongo?"

"Nasema kuna kitu hakijaandikwa."

Mimi, ninayefuta mdomo wa debe kwa fimbo iliyonyooka mbele ya mteja, lisizidi wala kupungua! Nilimwambia kuna wazee hapa nchini wananikopesha nafaka ya msimu mzima bila karatasi, yeye nani aje anifundishe ukweli. Nikachukua fimbo yangu ya kutembelea nikatoka. Binti yangu alibaki nyuma kuomba radhi, na hilo pia lilinikera.

Kwenye gari la kurudi Mbinga nilikuwa napanga hesabu mpaka Kigonsera. Hapo nikamwambia binti: "Nitamletea ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Kesho, kila nitakachoweka mdomoni, nawe weka kiasi hicho hicho kwenye ndoo. Kijiko kwa kijiko. Nitaipeleka ndoo mezani kwake aone njaa ninayolala nayo."

Mkulima akiniletea magunia, huwa natoboa kila gunia kwa bambo natoa sampuli. Siamini juu, naamini cha katikati. Sasa nilitaka mwili wangu nao utolewe sampuli. Sikuogopa. Nilijua nitashinda.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, shule zimefungwa, mashine imejaa. Lazima niseme hapa jambo la togwa. Tangu enzi za dizeli, anayeleta nafaka kwangu hanywi maji, anakunywa togwa. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi, na sukari yangu ya kuongezea kwa sababu watu wa milimani wanapenda tamu. Togwa ile ndiyo iliyonijengea wateja. Na kwetu kinywaji hakipewi mgeni hivi hivi. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo anakabidhi. Ni kumwambia: sikukusudii ubaya, kama kuna kitu humu kianze na mimi. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayeonja, si mfanyakazi, si binti.

Saa mbili akaja mteja wa kwanza. Nikachota, nikaonja, nikampa. Nikaona binti yangu anachota naye, anamimina kwenye ndoo.

"Wewe! Hiyo usiweke."

"Umesema kila kinachopita mdomoni, mama."

"Hicho si chakula. Tena sijanywa mimi. Nimeonja kwa ajili ya mgeni."

"Kimepita mdomoni hakijapita?"

Wateja walikuwa wanatutazama. Sikuweza kurudi nyuma mbele ya mtoto niliyemzaa. "Weka," nikasema. "Weka yote."

Akaweka. Mgeni wa pili, wa tatu, wa tano. Ilipofika saa nne nilianza kuonja kidogo, kwa mdomo wa juu tu, naye akaniambia kwa sauti ya kufundishia darasa: "Mama, juzi hukuonja hivyo. Onja kama juzi." Nikaonja kama juzi. Mafunda matatu. Kwa rafiki wa zamani nusu kikombe, kwa sababu rafiki huwezi kumwonjea kama mpita njia. Chai ya maziwa iliyoletwa na jirani, akaweka. Mchana nilikula ugali wangu, matonge matatu, dagaa kiganja kimoja. Akaweka. Nilimwona akivitumbukiza, vikazama.

Saa kumi na moja tulifunga mashine. Ile ndoo ya lita kumi nilidhani nitaikuta na kitu cha kufunika chini tu. Nikainama. Ilikuwa imevuka theluthi, nyeupe, nzito, inatoa mapovu. Ugali hauonekani. Njaa yangu yote niliyokuwa naringa nayo ilikuwa imezama chini ya togwa.

Binti akainama nami. Alinisaidia kuinua ndoo. Sikuiweka kwenye mizani. Nilijitwika kichwani, bila ngata, nikasimama katikati ya ua.

"Kilo tatu na nusu," nikasema, "ukitoa ndoo."

Yeye akaiweka kwenye mizani hata hivyo. Tatu na robo tatu. Nilikuwa nimekosea kwa robo.

Ule mfuko uliokatwa ulizuia ugali. Togwa ulikuwa unaipitisha tu, taratibu, kutwa nzima, kama maji kwenye mfereji. Nilikuwa nimelala miezi mitano nikisema sijala, na kweli kwa lugha yetu ya nyumbani nilikuwa sijala. Mtu wa kwetu akinywa togwa tangu asubuhi hadi jioni ukimwuliza atakwambia hajala kitu. Lakini mwili hausikilizi maelezo.

Nilimpigia simu dada wa lishe. Mimi kuomba radhi sijui vizuri. Nilimwambia: "Ulikosea kunishuku uongo. Lakini kitu hakikuandikwa, hapo ulikuwa sawa." Nikamweleza ndoo. Nikasikia anacheka pole pole.

"Mama, sijawahi kuletewa hesabu ya namna hiyo. Sasa utaacha?"

"Nitaacha."

"Umebakiza wiki tisa."

"Najua kuhesabu."

Nilidhani kazi ngumu ni kuacha utamu. Hapana. Utamu uliniuma siku nne ukaisha. Kazi ilikuwa kumkabidhi mtu kikombe bila kuonja.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Mbuji ambaye tumeuziana maharage tangu mashine ya dizeli. Amenizidi umri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Habari za magoti?"

"Yapo."

Nikamchotea, nikampa. Akapokea kwa mikono miwili, akangoja. Mimi nikajifanya nafunga gunia. Akaendelea kungoja, kikombe kifuani.

"Hujaonja, mama."

"Leo sionji, mzee."

"Umefunga?"

"Sijafunga."

"Unaumwa jino?"

"Siumwi jino. Kunywa tu."

Akakitazama kile kikombe, halafu akakiweka juu ya gunia, polepole, asimwage. "Kiu imeniondoka," akasema. Hakugombana. Alichukua unga wake akaondoka, na kikombe kikabaki pale kinakusanya nzi, na foleni nzima ya wanawake imekiona.

Mmoja nyuma akasema, si kwa kunong'ona: "Ndiyo maana anakonda. Amepewa masharti."

"Masharti gani?"

"Asiguse anachowapa wenzake."

Wakacheka, lakini kicheko cha kuvuta ndoo karibu na miguu.

Wiki iliyofuata wateja walipungua. Wa Mbuji walianza kushukia mashine ya mtu mwingine, kule chini ya barabara. Watu wakasimama nje ya ua wangu wakaniambia wana haraka, wasage haraka waende, togwa hapana, asante. Pipa la togwa likawa linachacha. Mizani ilisema tisini na nne. Kila kilo iliyotoka niliilipia kwa uso wa mtu aliyeninunia.

Wiki ya tatu nilishindwa. Alikuja mama mmoja mwenye mdomo, akasimama mbele ya pipa na kusema, "Nipe basi, kama kweli hukuweka kitu." Nikachota kikombe kilichojaa, nikanywa chote mbele yake mpaka chini, nikakigeuza.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama."

Naye akanywa. Wenzake wakanywa. Siku ile nilinywa na kila aliyekuja, kwa hasira, kwa kuwakomesha, na jioni tumbo likaniadhibu nikalala kwa ubavu. Jumamosi mizani iliongezeka nusu kilo. Binti yangu alisimama mlangoni na kikokotoo chake cha shule.

"Mama, ukiendelea hivi hufiki."

"Wateja wanakwisha."

"Toa pipa. Wape maji."

"Mashine yangu itoe maji kama ofisi ya kata?"

"Basi waambie."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli."

Nilimfukuza mlangoni. Lakini alikuwa amesema. Niliketi kwenye kigoda, goti limevimba, nikajiuliza kipi nakiogopa zaidi: wajue nilikatwa, au wanibebe tena. Sikuchukua muda mrefu. Mtu aliyewahi kubebwa na wakwe zake hachukui muda mrefu.

Siku ya gulio nilizima mashine katikati ya kazi. Ikawa kimya mpaka watu wakashtuka. Foleni ilikuwa fupi kuliko zamani, lakini yule mama mwenye mdomo alikuwepo, na yule mzee wa Mbuji pia, amekuja kudai magunia yake matupu, si kusaga.

"Sikilizeni," nikasema. "Sina ugonjwa mnaoutaja. Sijafilisika, nani kati yenu nimemnunulia nikashindwa kumlipa? Na sina masharti ya mganga. Nilikwenda Dar nikakatwa tumbo kwa hiari yangu. Wamepunguza mfuko wa chakula. Hii togwa ndiyo iliyonizuia kutoa kilo sita za mwisho, na nisipozitoa sitatengenezwa goti. Ndiyo maana sionji. Mzee, tazama ukutani."

Mzee akageukia ukuta, mtiifu kama yuko darasani. Nikafungua blauzi, nikashusha kitenge kidogo, nikawaonyesha wanawake makovu. Matano. Walisogea. Mmoja akaligusa moja kwa kidole.

"Kumbe! Madogo hivi?"

"Kwa matundu haya walitoa tumbo lote lile?"

"Sisi tulishakulilia moyoni, mama."

Yule mwenye mdomo akasema, "Mimi nilishaanza kuulizia mashine itauzwa bei gani."

"Haiuzwi. Na wewe hata ikiuzwa huiwezi."

Wakaangua kicheko, safari hii kicheko chenyewe. Mimi nikafunga vifungo, nikakosea tundu moja. Nilijisikia mwepesi, halafu nikajisikia nimeibiwa, halafu nikaona njaa. Yote kwa wakati mmoja.

Mzee akauliza kutoka ukutani, "Naweza kugeuka?"

"Geuka."

Akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. "Mwenye nyumba akiwa mgonjwa," akasema, "kinywaji hakiwezi kukosa wa kuonja. Aonje wa kwanza kwenye foleni kwa niaba ya nyumba. Akianguka, wengine mtasaga kwingine." Akachota, akanywa mafunda matatu, akasimama akijisikiliza, mkono tumboni. Ua mzima ukamngoja. "Sukari imezidi," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ndivyo inavyofanyika kwangu mpaka leo. Wa kwanza kwenye foleni ndiye anayeonja. Sasa wanagombania kuwahi. Na sukari nimepunguza.

Kilo hazikutoka kwa wema wao, zilitoka kwa ubishi wangu. Tisini na tatu. Tisini na mbili na nusu, ikasimama siku kumi, nikadhani zimegoma tena. Nilizunguka ua na fimbo, mizunguko kumi asubuhi, kumi jioni, goti linapiga kelele. Jumamosi ya mwisho kabla ya kliniki mizani yangu ilisema tisini na robo.

"Robo kilo," akasema binti. "Si kitu, watakuelewa."

"Kama robo si kitu, basi mimi ningekuwa nauza debe pungufu."

Tulilala Songea siku mbili kabla. Sikugusa kitu kitamu hata kwa macho. Asubuhi ya kliniki nilivua kila kinachovulika: viatu, kilemba, herini, saa, hata rozari nikamkabidhi binti huku nikimwomba Mungu anisamehe, ni kwa dakika moja tu. Nikapanda mizani yao. Ilikuwa ya namba zinazowaka, na namba zilichezacheza, tisini, themanini na tisa, tisini, na mimi nimebana pumzi kama kwamba pumzi ina uzito.

Zikasimama. Themanini na tisa nukta sita.

Dada wa lishe akasema, "Shuka, panda tena."

"Unashuku mizani au unanishuku mimi?"

"Nashuku macho yangu, mama."

Nikapanda tena. Ni hiyo hiyo. Akaandika, na mkono wake mwingine akanishika bega. Sikumwondoa.

Goti lilibadilishwa siku iliyopangwa. Maumivu yake sitayapamba, nililia kama mtoto, ukitaka andika. Lakini mwaka huu tulipokwenda Mbuji kwenye misa ya kumkumbuka yule tuliyemzika, nilishuka garini pale pale barabarani. Wakwe zangu walikuwa wamepakia kiti nyuma ya gari. Hawakusema, mimi nikakiona. Nikawaambia wakiache humo. Nikateremka njia ile nyembamba, ngoro huku na huku, fimbo mkono wa kulia, polepole kweli, na wao nyuma yangu hatua nne, hakuna aliyenigusa. Chini yule mzee wa Mbuji alikuwa ameketi na kikombe. Alionja kwanza, akanipa maji.

Nilivyonavyo leo ni hivi: mashine mbili, moja ya kusaga na moja ya kukoboa. Stoo moja ya nafaka. Mizani moja ya magunia iliyokaguliwa. Nyumba ya matofali ya kuchoma Mbinga mjini. Ekari tatu za kahawa na shamba moja la ngoro Mbuji, ambalo sasa nalikagua mwenyewe. Mtumbwi mmoja Lituhi, anautumia mdogo wangu. Watoto watano walio hai, wakwe wanne. Madaftari mawili yaliyojaa mwandiko wangu, vinywaji vimo. Goti moja la chuma na moja la kuzaliwa. Makovu matano ya tumbo na moja la mguu. Kilo themanini na saba.